Meilisearch au Solr kwa nyaraka za mkonge Tanga?
Zote mbili ni programu za kutafutia maneno ndani ya nyaraka. Ukiwa na seva ndogo na rundo la nyaraka za mashamba ya mkonge, Meilisearch ndiyo nyepesi kuanza nayo. Ni faili moja tu: unaipakua, unaipa ruhusa ya kuendeshwa, inasikiliza kwenye poti 7700. Kabla ya kuifungulia intaneti, weka ufunguo mkuu (nywila ya kuilinda) wenye herufi 16 au zaidi. Hilo usilifanyie mzaha. Mtu akiandika "mkoge" bado ataletewa "mkonge", maana neno la herufi 5 na kuendelea husamehewa angalau kosa moja.

Solr inataka Java kwanza, kisha kumbukumbu (RAM) ya kutosha, kisha uipangie sehemu za data mwenyewe. Kazi ipo. Lakini tazama vitenzi vyetu, vinavyobadilika mwanzoni: "alikata", "wanakata", "tutakata". Meilisearch hulinganisha mwanzo wa neno, kwa hiyo ukitafuta "kata" itakuletea "katani", si "alikata". Solr ukiiwekea kichujio cha NGram, kinachokatakata kila neno vipande vidogo, huyaleta yote. Faharasa, yaani orodha ya maneno ya kutafutia, itavimba na diski italiwa, kweli, ila kwa mtafiti anayesaka vibarua waliokata mkonge Muheza na Korogwe, mimi nachagua Solr.