Rekodi za Cathy Berberian: Tathmini kwa Wanakwaya wa Moshi

Diski ninayoipendekeza kwa kila mwalimu wa kwaya wa Moshi na Arusha ni ile ya kampuni ya RCA inayokusanya kazi mbili za mtunzi Mwitaliano Luciano Berio, yaani Folk Songs na Recital I, pamoja na nyimbo chache za mtunzi Mjerumani Kurt Weill, zote zikiimbwa na mwimbaji Mmarekani Cathy Berberian. Naipendekeza kwa sababu inatibu ugonjwa ambao kwaya zetu nyingi za Kilimanjaro zinao. Tunaimba wimbo wa Kichagga wa harusi, tenzi ya Kijerumani ya karne ya 17 na pambio jipya lenye kinanda na gitaa, na vyote vitatu tunaviimba kwa koo lile lile la kanisani, la mviringo na la heshima, kana kwamba kila wimbo umezaliwa katika benchi moja. Berberian hakuwahi kukubali jambo hilo, na ndiyo sababu aliweza kutembea kati ya opera, nyimbo za vijana na muziki mpya bila kuonekana mgeni popote.

Alizaliwa mwaka 1925 Attleboro, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa wazazi Waarmenia. Alikwenda Milano kusomea uimbaji, na alipohitaji mpiga piano wa kumsindikiza katika kurekodi kanda ya kuombea ufadhili wa masomo, akaelekezwa kwa kijana mmoja mtunzi, ambaye ndiye huyo Berio. Walioana mwaka 1950. Ndoa haikudumu, lakini kazi yao ya pamoja iliendelea hata baada ya kuachana, na sehemu kubwa ya muziki wa sauti alioutunga Berio katika miaka hiyo isingekuwapo bila koo la mwanamke huyu.

Folk Songs ya mwaka 1964 ina nyimbo 11 kutoka Marekani, Armenia, Ufaransa, Italia na Azerbaijan, zikisindikizwa na filimbi, klarineti, kinubi, viola (fidla yenye sauti ya chini kidogo), chelo na wapigaji wawili wa ngoma na vyombo vingine vya kugonga. Si zote ni za asili kwa maana tuliyoizoea, kwa kuwa mbili za kwanza zilitungwa na Mmarekani John Jacob Niles, na mbili nyingine Berio alizitunga mwenyewe juu ya maneno ya zamani. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na viola peke yake, ikipigwa kwa uhuru kama mpiga zeze wa kijijini asiyesubiri mtu, na sauti inapoingia haifuati mwendo wa viola wala viola haiifuati sauti. Berberian anaimba hapo kwa utulivu mkubwa, karibu bila kutikisa sauti. Kisha unakuja wimbo wa Kiarmenia wa mwezi unaochomoza, lugha ya nyumbani kwao, na sauti inalainika kwa namna ambayo mwimbaji hawezi kuiigiza. Baadaye, katika wimbo wa Sicilia, ulaini huo wote unatupwa: sauti inatoka kifuani, kavu na yenye makali, kama ya mtu aliyezoea kuita hadharani. Mwanakwaya wangu mmoja wa sauti ya pili aliniuliza kama mwimbaji amebadilishwa. Hajabadilishwa, na swali lile ni sifa kubwa kuliko yoyote ninayoweza kuandika.

Wimbo wa mwisho ni wa Azerbaijan, na historia yake inatuhusu. Berberian aliupata katika santuri ya zamani, akaunakili kwa kusikiliza tu, silabi kwa silabi, bila kuijua lugha yenyewe. Sisi tunaoimba Kizulu na Kilingala kwa kushika kwa sikio tunaijua kazi hiyo, na tunajua pia hatari yake, yaani kuzilainisha konsonanti ngumu mpaka lugha ya watu ifanane na ya kwetu. Sikilizeni jinsi anavyoziuma konsonanti katika wimbo huo, kwa kasi, huku vyombo vyote vikimkimbilia. Hapo ndipo penye somo, na linafaa kurudiwa mara nyingi kwenye mazoezi.

Recital I, ya mwaka 1972, ni ngumu zaidi na sidhani kama inamfaa msikilizaji wa mara ya kwanza. Mwimbaji anaingia jukwaani kuimba wimbo wa Monteverdi, mtunzi Mwitaliano wa karne ya 17, na mpiga piano wake hayupo. Anaendelea hivyo hivyo, huku vipande vya nyimbo zote alizowahi kuimba maishani vikimmiminikia na kukatizana na maneno ya kawaida, mpaka akili inamwacha. Hii ndiyo kazi inayomjibu anayedhani kwamba kuimba kila mtindo ni baraka isiyo na gharama. Mhusika huyu amejaa nyimbo za watu wengine kiasi kwamba ya kwake haipati nafasi, na Berberian anauigiza mparaganyiko huo kwa ujasiri unaoumiza kuusikiliza.

Nje ya diski hii, zipo rekodi ambazo ni lazima zitafutwe. Mwaka 1958 mtunzi Mmarekani John Cage alimtungia Aria, kazi yenye maneno ya Kiarmenia, Kirusi, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza, ambayo karatasi zake hazina nota za kawaida bali mistari iliyopinda ya rangi na namna 10, na mwimbaji mwenyewe ndiye anayeamua kila moja imaanishe mtindo gani. Berberian alichagua, pamoja na mingine, jazi, kontralto (sauti nzito ya kike), sauti ya mtoto, sauti ya puani na sauti ya mwigizaji na mwimbaji Marlene Dietrich, na anaruka kutoka moja kwenda nyingine bila hata kuvuta pumzi inayosikika. Naistaajabia, ingawa sirudi kuisikiliza mara kwa mara.

Ninayoirudia ni Sequenza III, ambayo Berio aliimaliza mwaka 1966. Ni sauti moja tu, bila chombo, kwa dakika chache za minong'ono, vicheko, kwikwi, kubofya ulimi na maneno yaliyovunjwavunjwa, na katikati yake vipande vya uimbaji mzuri mno vinavyopita kabla hujavishika. Baadhi ya walimu wenzangu waliniambia kwamba huko si kuimba. Nawaomba waisikilize sambamba na opera ya Monteverdi iliyochezwa Venezia mwaka 1643, L'incoronazione di Poppea, ambayo Berberian aliirekodi chini ya kiongozi wa muziki Nikolaus Harnoncourt katika miaka ya 1970 kwa vyombo vya namna ya zama za mtunzi. Yeye ni Ottavia, malkia anayefukuzwa Roma, na anapoaga, Monteverdi ameiandika silabi ya kwanza ya neno la kuaga ikirudiwarudiwa, kwa kuwa kilio kimemkaba na neno halitoki. Berberian hazipambi silabi hizo. Anaziacha zikwame kooni kama mama anayeongoza pambio msibani na kushindwa kufika mwisho wa mstari, kisha sauti inafunguka na wimbo unaendelea. Kwikwi ile ya mwaka 1643 na kwikwi za mwaka 1966 zinatoka mahali pamoja, na sijasikia mwimbaji mwingine aliyenifanya niamini hivyo kwa masikio yangu.

Kwa upande wa nyimbo za vijana, alitoa mwaka 1967 santuri ya nyimbo za The Beatles zilizopangwa kwa mtindo wa muziki wa zama za Händel, mtunzi wa karne ya 18, zenye mapambo ya sauti na kikundi kidogo cha vyombo. Wazo lenyewe ni la kufurahisha, na ni jambo jema kwamba anaziimba kwa uzito ule ule anaompa Monteverdi. Hata hivyo, baada ya nyimbo chache mpangilio unaanza kujirudia, na ningeridhika na nusu ya santuri hiyo. Afadhali mwaka uliotangulia, alipotunga mwenyewe Stripsody, kazi ya sauti za vibonzo: milipuko, migongano, mbwa na ndege, vyote kwa mdomo mtupu. Watoto wa kwaya ya Jumapili wataielewa kabla ya wazazi wao.

Kasoro za sauti yake zipo na ni haki kuzitaja. Si sauti kubwa, na anayetafuta mngurumo wa kujaza jumba la opera la watu elfu mbili hataupata hapa. Katika nota za juu kabisa inakonda, na katika rekodi za miaka yake ya mwisho, kabla ya kifo chake mwaka 1983, utetemeshi unaongezeka. Nguvu yake ni katika maneno, pumzi na uamuzi wa haraka wa nini wimbo huu unataka.

Kwa msikilizaji wa hapa, njia rahisi ni mtandao, kwa kuwa sijawahi kuiona diski hii katika duka lolote mjini. Tumieni hedifoni, maana spika ndogo ya simu inameza viola na chelo, na bila hedifoni nusu ya Folk Songs inapotea. Kinachokosekana mtandaoni ni maneno ya nyimbo, kwa hiyo yatafuteni kabla ya kubonyeza, hasa mkiamua kuisikiliza L'Orfeo, opera nyingine ya Monteverdi, ambayo Harnoncourt aliirekodi mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo Berberian ni mjumbe anayekatiza sherehe ya harusi kuleta habari za bibi harusi Euridice, na asiyejua kwamba msichana huyo ameumwa na nyoka na kufa atasikia kughani tu, asielewe kwa nini sauti ile inaporomoka kila inapokaribia jina lake.