Miezi minne na Trans ya Neil Young: uzoefu wangu wa santuri iliyowagawa mashabiki

Santuri ninayoitolea maoni hapa niliinunua Hamburg, ninakoishi na kufanya kazi, kwenye soko la vitu vilivyotumika, kwa euro 14. Ni toleo la zamani la Trans, albamu ambayo Neil Young aliitoa mwishoni mwa 1982, likiwa na jalada lake la awali na karatasi ya mashairi ndani. Muuzaji alinihakikishia kwamba haina mkwaruzo, lakini nilipofika nyumbani niliukuta mmoja mwanzoni mwa upande B, nao huirusha sindano kila mara katika wimbo wa Hold On to Your Love. Hilo ndilo lalamiko langu pekee kuhusu bidhaa yenyewe. Mengine yote nitakayoyasema yanahusu muziki uliomo, kwa sababu ndio uliowagombanisha watu waliompenda Young kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe umenibadilisha msimamo mara mbili ndani ya miezi minne.

Kufikia 1982, Young, mzaliwa wa Toronto nchini Kanada, alikuwa amekwisha kuwa mkongwe wa roki. Wapenzi wake walimtambua kwa mambo mawili: gitaa, liwe lile la kawaida au la umeme lenye mngurumo mzito, na sauti nyembamba ya juu inayotetemeka kama ya mtu aliye karibu kulia. Aliyempenda kwa upole wake alishika albamu ya Harvest ya 1972, na aliyempenda kwa ukali wake alishika Rust Never Sleeps ya 1979. Katika nyimbo sita kati ya tisa za Trans, sauti hiyo imepitishwa kwenye vokoda, kifaa kinachoigeuza sauti ya mtu iwe kama ya mashine, na kinachotoka kwenye spika hakifanani na Young wa upande wowote kati ya hizo mbili.

Vokoda haikutengenezwa kwa ajili ya wanamuziki. Mhandisi Homer Dudley aliibuni katika maabara za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1930, kwa ajili ya shughuli za simu. Kifaa hicho huigawa sauti ya msemaji katika mikanda kadhaa, kuanzia mizito hadi myembamba, hupima nguvu ya kila mkanda kwa kila kitambo kidogo, kisha huivika sauti ya kinanda cha elektroniki umbo hilohilo, hata kinanda kikaonekana kusema. Kundi la Kraftwerk la Düsseldorf lilikuwa limekwisha kuitumia kwa ustadi mkubwa, na Young alikuwa akiwasikiliza. Shida ni kwamba baadhi ya herufi hupotea njiani. Irabu hupita vizuri, lakini konsonanti nyingi huyeyuka, na msikilizaji asiye na karatasi ya mashairi mkononi hukamata neno moja na kukosa matatu.

Kwangu mimi hilo halikuwa jambo dogo. Nimekulia Tanga, katika nyumba ambamo santuri za taarab za Black Star zilitunzwa kama vyombo vya wageni, na ambamo wimbo ulipimwa kwanza kwa maneno yake. Mama akisikia wimbo mpya, kabla ya kusifu kinanda au sauti ya mwimbaji, huuliza: “Anasema nini?” Asipopata jibu, wimbo huo kwake haujaanza. Kwa hiyo jioni ya kwanza nilipoiweka Trans kwenye mashine na kuisikiliza pande zote mbili nikiwa nimekaa kimya, niliinuka nikiwa na hasira ya kweli, maana nilihisi kwamba mtu niliyemwamini ameificha sauti yake makusudi, na maneno ameyatupa.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kijerumani ambaye tumekuwa tukiazimana santuri kwa miaka sita, hakushangaa hata kidogo. Yeye alikuwa Berlin mwezi Oktoba 1982, Young alipopiga huko pamoja na bendi iliyokuwa na Nils Lofgren na Bruce Palmer, kabla albamu yenyewe haijatoka. Anasimulia kwamba watu waliokuja kusikia gitaa walimwona mtu aliyevaa miwani ya giza na maikrofoni ya kichwani akiimba kwa sauti ya mashine, na kwamba yeye na wenzake walitazamana bila kujua wapige makofi au waondoke. Hoja yake haijabadilika tangu siku ile: msanii ana haki ya kujaribu, lakini hana haki ya kuiondoa ile sauti moja iliyowafanya watu wanunue tiketi.

Anayempinga ni rafiki yangu wa Mombasa, mpiga kinanda katika harusi, ambaye huwa ananipigia simu kila Jumapili. Nilimtumia nyimbo tatu, naye akanijibu siku ileile: “Ndugu yangu, mnalalamikia kinanda, lakini hamjausikiliza ule mwenendo wa sauti ulivyopangwa.” Anaona kwamba Sample and Hold na Computer Age ni nyimbo zilizojengwa kwa uangalifu, kwamba gitaa la Young bado limo na linagombana na mashine badala ya kuitumikia, na kwamba mashabiki wa roki walifanya kosa lilelile la waliokataa vinanda vya umeme katika taarab, walipodhani kwamba chombo kipya lazima kije na moyo mwingine. Nilimsikiliza kwa heshima, ingawa wakati ule sikukubaliana naye.

Kilichonigeuza ni jambo ambalo Young hakuwaeleza mashabiki wake wakati albamu inatoka, akaja kulizungumza baadaye. Mwanawe Ben, aliyezaliwa 1978, ana mtindio wa ubongo na hawezi kusema. Katika miaka iliyotangulia Trans, Young na mkewe Pegi walikuwa wakimfanyisha mazoezi ya tiba nyumbani kwa saa nyingi kila siku, wakitafuta njia yoyote ya kuwasiliana naye. Nyimbo za vokoda zilitokana na hali hiyo, na Transformer Man unamwelekea mtoto huyo waziwazi, kwa picha ya mtu anayeongoza mambo kwa kubonyeza kitufe. Young amesema kwamba sauti isiyoeleweka ilikuwa ndiyo maana yenyewe, kwa kuwa alikuwa akitafuta mawasiliano na mtoto ambaye maneno yake hayawezi kutoka.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kitu ninachokijua vizuri. Dada yangu huko Tanga ana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye hali hiyohiyo. Mtoto huyo hatamki neno, lakini ana sauti zake, nyingine ndefu, nyingine za kukatikakatika, na wageni wanapozisikia humgeukia dada yangu na kumuuliza lile swali la mama: “Anasema nini?” Naye hujibu bila kusita kwamba anataka maji, au kwamba jua linamchoma, au kwamba amemtambua mjomba wake kwenye simu. Nimekuwa mjomba huyo wa kwenye simu mara nyingi, nikiisikia sauti bila kuielewa, nikimsubiri dada anieleze. Usiku ule nilirudi kwenye Transformer Man, nikauzima mwanga, nikauacha wimbo wa dakika tatu na kitu ucheze mara tano.

Hapo ndipo nilipoanza kujitilia shaka, na ningependa msomaji anayefikiria kuinunua albamu hii alipime jambo hili kwa makini. Wimbo unaohitaji usimulizi wa nje ili upendeke una upungufu, na mzee wa chini aliniambia hivyo bila kuficha: wale waliokuwa Berlin hawakupewa maelezo yoyote, walipewa kelele tu. Nilitaka kujua kama ninaupenda muziki au ninaihurumia familia. Jaribio nililoliona la haki ni albamu yake ya Unplugged ya 1993, ambamo Young aliurudia Transformer Man kwa vyombo visivyo vya umeme na kwa sauti yake ya asili. Humo kila neno linasikika, na muundo wa wimbo unasimama peke yake bila msaada wa hadithi wala mashine. Ni wimbo mzuri sana, mwororo, uliotungwa vyema. Jirani yangu alipousikia aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hivyo ndivyo ulivyopaswa kurekodiwa tangu mwanzo.

Mimi sikuona hivyo. Baada ya kuusikia waziwazi kwa siku kadhaa, niligundua kwamba nimeukosa ule wa vokoda. Katika Unplugged baba anaimba kumhusu mtoto, na sisi wasikilizaji tunaelewa kila kitu na kutulia. Katika Trans hatujui kama anayeimba ni baba au ni mtoto, na ile kazi ya kutega sikio, kubahatisha na kukosea ni kazi ileile inayofanyika kila siku katika nyumba kama ya dada yangu. Toleo la pili ni rahisi zaidi kulipenda, lakini la kwanza ndilo lenye ukweli wa jambo lenyewe. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaoiita Trans mchezo wa mtu aliyepitwa na mitindo.

Hata hivyo albamu ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo wala haitokani na mashine. Nyimbo tatu zisizo na vokoda, yaani Little Thing Called Love, Hold On to Your Love na Like an Inca, zilitokana na kikao kingine alichokifanya Hawaii kwa ajili ya albamu tofauti, zikaingizwa humu. Ya kwanza ndiyo inayofungua upande A, kwa hiyo msikilizaji anakaribishwa na wimbo mwepesi wa mapenzi, halafu anasukumwa ghafla katika Computer Age bila hatua ya kukanyagia. Like an Inca, yenye karibu dakika 10, ni wimbo mzuri wa gitaa ambao ungefaa mahali pengine. Hapa unafunga albamu kama mgeni aliyekuja kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Young alipaswa kuwaamini wasikilizaji wake na kuwapa nyimbo za mashine peke yake, hata kama zingejaza upande mmoja na nusu tu. Kwa kuchanganya, aliwapa mashabiki waliokasirika ushahidi kwamba naye alikuwa na wasiwasi. We R in Control nao haunivutii, maana unarudia wazo moja la vitisho vya kompyuta bila kulipeleka popote. Lakini Mr. Soul, wimbo aliokuwa ameurekodi na bendi yake ya zamani, Buffalo Springfield, mwaka 1967, umepata maisha mapya humu.

Ugomvi haukuishia kwa mashabiki. Mwaka 1983, baada ya Trans na albamu fupi ya roki ya mtindo wa miaka ya 1950 iliyoifuata, kampuni ya rekodi ya Geffen, iliyozitoa albamu hizo, ilimshtaki Young ikidai zaidi ya dola milioni 3, kwa hoja kwamba kazi alizoleta hazikuwa za kibiashara wala hazikufanana na kazi zake za awali. Kesi hiyo ilimalizwa kwa mapatano. Ninapomsikiliza jirani yangu akidai haki yake ya mwaka 1982, huwa namkumbusha kwamba hoja yake ndiyo iliyoandikwa na mawakili, naye hukataa kabisa kulinganishwa nao, akisema kwamba yeye alikuwa na uchungu wa mapenzi, siyo wa hesabu. Katika hilo namwamini.

Kwa anayetaka kununua, nashauri aanze na Transformer Man ya Unplugged ili aujue wimbo, kisha aje kwenye Trans akiwa na karatasi ya mashairi, na kwa sikio la kwanza auruke wimbo wa ufunguzi. Atafute nakala iliyo na karatasi hiyo, kwa kuwa bila yake nusu ya albamu itampita. Asiipige kama muziki wa pembeni wakati wa kupika au kuzungumza na watu, kwa sababu hapo vokoda hugeuka kelele tupu na lawama zote za mwaka 1982 huonekana za haki. Spika nzuri ni bora kuliko vipokea sauti vya masikioni, maana sauti hizi zimekusudiwa zitoke upande wa pili wa chumba.

Mwezi uliopita nilimpigia dada yangu nikauacha wimbo ucheze karibu na simu. Mtoto alinyamaza mpaka mwisho, kisha akatoa sauti moja ndefu. Nilimuuliza dada anasema nini, naye akaniambia niurudie.