TAHADHARI: Anauza kontena la marumaru, akibanwa anasema "idaini kampuni"

Wenzangu wa vifaa vya ujenzi, hasa wa Kariakoo na Buguruni, kuna jamaa anapita madukani na proforma (ankara ya awali) yenye muhuri wa kampuni na hati ya shehena ya kontena la marumaru. Anasema mzigo uko bandarini, umebaki ushuru tu, hivyo anataka nusu ya bei autoe. Hati hiyo hiyo, namba ya kontena ile ile, ameshawaonyesha wenzetu wawili kwa nyakati tofauti. Wote wamelipa, na marumaru hawajaziona.

Walipombana akajibu: "Mimi nimesaini kama mkurugenzi. Idaini kampuni." Kampuni yenyewe haina ofisi wala stoo.

Hapo wengi hukata tamaa, na ndicho kinachoniuma. Ni kweli kampuni ina madeni yake, na ikifilisika kihalali mkurugenzi hadaiwi mfukoni mwake. Lakini uongo ni wa aliyeusema. Mwaka 2002 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati huo, katika kesi ya benki ya Standard Chartered na shirika la meli la taifa la Pakistan, liliamua kwamba mkurugenzi wa kampuni iliyouza mzigo, aliyeidanganya benki kuhusu nyaraka za mzigo anawajibika yeye binafsi, ingawa alikuwa akifanya kazi ya kampuni. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila wakili anaweza kuujengea hoja. Tena kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 7.

Kwa hiyo msifute zile sauti za WhatsApp anaposema kontena ni lake. Mkienda mahakamani, mshitakini yeye pamoja na kampuni, na hati ya madai itaje uongo gani ulisemwa, lini, kwa nani. Kuandika tu "alitutapeli" hakutoshi.

Ambaye hajalipa, angalia kwanza BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, wakurugenzi ni akina nani, na nyaraka za mzigo azihakiki wakala wa forodha unayemchagua wewe, si wa kwake. Pesa iingie akaunti ya kampuni. Huyu aliagiza itumwe kwenye namba ya simu ya mtu mwingine kabisa.

Wale wawili wameshafungua jalada polisi. Kama nawe ulimlipa, peleka risiti na nakala ya hati uliyoonyeshwa. Kontena moja likiuzwa kwa watu watatu, hawezi tena kudai kuwa ni biashara iliyokwama.