Nimerudisha santuri ya Guided by Voices dukani nikachekwa: uzoefu wangu na Bee Thousand

Kwanza niseme wazi nina hasira, kwahiyo kama unatafuta maelezo ya kistaarabu kuhusu Bee Thousand, albamu ya bendi ya roki ya Guided by Voices, we pita tu. Mi nakaa Dayton, Ohio, mji wenyewe walikotokea hawa jamaa, na kazini zamu ya usiku kuna mzee mmoja wa hapahapa kila siku ananisimanga eti naishi mji huu na bendi yao siijui. Basi juzijuzi mshahara umeingia nikasema ngoja nimnyamazishe, nikanunua santuri kabisa, sio kusikiliza bure kwenye simu. Bei siitaji, mama asije akasoma.

Nimeweka, nimekaa. Wimbo wa kwanza unaanza, gitaa linakwaruza, jamaa anaimba kama yuko bafuni kajifungia, nikasema haya, ndo staili yao, mzee alishanionya. Sijakaa sawa gitaa likakatika. Yaani limepotea, na wimbo unaendelea tu kama hakuna aliyeona.

Sasa mtu yeyote aliyekulia nyumba ya redio kaseti anajua hiyo ni nini, waya umelegea, we unaushika unaupindapinda mpaka sauti irudi halafu unafunga na selotepu na hakuna ruhusa ya mtu kupita karibu. Nikachomoa nyaya zote, nyekundu na nyeupe, nikazibadilisha, likakatika. Nikapuliza sindano, likakatika. Nikaifuta santuri na fulana mpya, nikaweka sarafu juu ya mkono wa sindano ikandamize vizuri, bado. Saa nane usiku jirani wa chini akaanza kugonga dari na ufagio na simlaumu, maana kipande hichohicho alishakisikia labda mara thelathini. Ila kilichonichanganya ni kwamba linakatika palepale kila mara, na waya mbovu hauna ratiba bwana. Nikajua basi, nimeuziwa santuri mbovu.

Kesho yake nikairudisha. Sasa hapa ndo penyewe. Jamaa wa dukani ndevu mpaka kifuani, hata hajaninyanyulia macho, namweleza kwa adabu zangu zote kwamba kaka hii ina hitilafu, akaichukua akaiweka kwenye pleya ya duka, akafungulia sauti mpaka wateja wakageuka. Tukasubiri. Ilipokaribia ile sehemu akanyoosha kidole juu kama refa anayetaka kupuliza filimbi, gitaa likakatika, kidole kikashuka, na duka zima likacheka. Duka zima! Kuna bibi mmoja alikuja kuangalia santuri za kwaya naye kacheka. Eti ndivyo ilivyorekodiwa, na hela hairudishwi. Si ungeniambia kwa mdomo tu? Kilikuwa na ulazima gani hicho kidole?

Njiani hasira zikahamia kwa bendi. Hawa watu walirekodi kwenye mashine ya kaseti ya treki nne, majumbani kwao, kwenye gereji, kwenye chumba cha chini, na gitaa lilipokatika wakaona potelea mbali, wakaacha, halafu wakaufanya ndo wimbo wa kufungulia albamu. Sasa muimbaji wao, Robert Pollard, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapahapa mjini, anafundisha darasa la nne. Mwalimu! Mtoto akikuletea daftari sentensi imekatika katikati utampa vema? Na hakuwa kijana wa kusingizia utoto, albamu imetoka 1994 mtu ana miaka 36.

Nilitaka niishie hapo niwape sifuri nikalale. Tatizo nyimbo. Kuna ule wa I Am a Scientist, aisee, umerekodiwa kama mtu kafunika maiki na blanketi lakini melodia yake nimeenda nayo kazini nikarudi nayo, siku tatu. Na nyingi ni fupi, unaanza kuupenda wimbo umeisha, ushaletewa mwingine, kama shughulini unapewa sambusa moja na sinia limeshapita. Inaudhi, na unalifuata sinia.

Nikasema labda shida yangu ni uchafu wa sauti tu, ngoja nisikilize waliposafishwa. Nikatafuta Do the Collapse ya 1999, hiyo waliingia studio ya kueleweka na prodyuza wa kueleweka, Ric Ocasek yule wa bendi ya The Cars. Kila chombo kinasikika, ngoma safi, sauti imenyooka, na mimi nimekaa hapo nasubiri kitu kikatike. Hakikatiki! Nimefika wimbo wa nne nikaizima nikarudi kwenye ile mbovu. Kwahiyo yule ndevu kaniharibia hela na masikio pia, maana siku hizi ile sehemu ikikaribia na mimi nanyoosha kidole, peke yangu, sebuleni, na nikijishtukia natukana.

Kwahiyo nyota sijui nawapa ngapi. Wiki ile ningesema mbili, leo tano, ila ukiniuliza kama ninunue santuri hii ya Bee Thousand nitakwambia usinunue, kasikilize bure, gitaa likukatikie bure. Duka sifuri, hilo halibadiliki. Mguu wangu haukanyagi tena pale. Ila ndo hao peke yao wana Alien Lanes, ile ya 1995, nyimbo 28 ndani ya dakika 41, kwahiyo nilimtuma shemeji akaninunulie, nikamsisitiza asiseme katumwa na nani.

Jana usiku ndo nimeiweka. Safari hii hata waya sijagusa, likikatika likatike. Kufika katikati huko nikaanza kusikia mtu anakoroma, tena anakoroma haswa, nikasema huyu jirani wa chini leo kazidi, nikapiga kisigino sakafuni mara tatu kumlipizia ule ufagio wake. Wimbo ukaisha, na kukoroma kukaisha.