Kipimo cha kunywa glukosi mimba ikiwa changa: kizuri, ila chunga chupa ya damu

Mjamzito mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 au zaidi (kwa urefu wa mita 1.60, ni kuanzia kilo 77 hivi) akisubiri wiki ya 24 ndipo apimwe kisukari cha mimba, amechelewa. Huenda sukari ilikuwa juu kabla hata hajashika mimba, ila hakuna aliyeipima. Kati ya vipimo anavyoweza kupewa kabla ya wiki ya 20, tunachokipa alama za juu ni kile cha kunywa glukosi gramu 75, kwa sharti moja tutakalolieleza.

Mama afike asubuhi akiwa hajala kwa saa 8 hadi 14. Maji matupu ruksa. Anatolewa damu ya mshipa, anakunywa glukosi iliyoyeyushwa kwenye mililita 250 hadi 300 za maji ndani ya dakika 5, kisha anatolewa tena baada ya saa 1 na saa 2, zikihesabiwa tangu funda la kwanza. Muda wote huo amekaa, hazunguki sokoni. Akitapika kipimo kimeharibika, arudi siku nyingine. Ndiyo maana wiki ya 8, kichefuchefu kikiwa kileleni, si wakati mzuri.

Kwenye unga, soma lebo. Gramu 75 ni za glukosi isiyo na maji ndani yake. Ikiwa imeandikwa monohaidreti, pima gramu 82.5. Ukipima 75 za hiyo, mama amekunywa 68 tu, na majibu ya saa 1 na 2 yanaweza kutoka mazuri ya uongo.

Viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2013, kwa milimoli kwa lita, ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 saa 1, na 8.5 saa 2. Kimoja tu kikifikiwa, ni kisukari cha mimba. Ikiwa ni 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 saa 2, hicho ni kisukari kamili, na mama asipangiwe tarehe ya mbali.

Sasa lile sharti. Chembe za damu haziachi kula sukari kwa kuwa zimetiwa kwenye chupa. Hula kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu iliyotoka mkononi ikiwa na 5.4, ikikaa saa moja juu ya meza itasomeka 5.1, na saa mbili 4.8. Mama ameambiwa yuko salama, kumbe karani alikuwa anatafuta fomu. Chupa ya kifuniko cha kijivu, ile yenye floraidi, inasaidia, lakini dawa yake haifanyi kazi papo hapo. Kinachofaa ni kuitia chupa kwenye maji yenye barafu na kuizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenga chembe na maji ya damu, ndani ya dakika 30. Kabla ya kulipia, uliza maabara swali hilo moja: damu inakaa muda gani kabla ya kuzungushwa? Wakibabaika, tafuta kwingine.

Mashine ya kutoboa kidole tunaipenda kwa kufuatilia sukari nyumbani, lakini haifai kutoa uamuzi huu. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinairuhusu kupotoka kwa 0.83 sukari ikiwa chini ya 5.55. Yaani 5.1 ya kweli inaweza kusomeka 4.3 au 5.9, na mashine bado imefaulu mtihani.

HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, haihitaji kukaa na njaa, na ikifika asilimia 6.5 inatosha kuonyesha kisukari kamili. Ikiwa chini ya hapo, usiitegemee kusema mama hana kisukari. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Selimundu au malaria inayovunja chembe nyekundu huishusha. Kwa kliniki zetu hayo si mambo ya nadra.

Kuna pia vikokotoo vya kubashiri. Utafiti wa UPBEAT wa Uingereza, uliowahusu wajawazito wanene, ulizaa kimoja kinachotumia umri, kisukari katika mimba iliyopita, kisukari cha aina ya 2 katika ukoo, shinikizo la damu, unene wa mikunjo ya ngozi, na vipimo vya utepe kama uwiano wa mzunguko wa shingo kwa ule wa paja. Uwezo wake ni 0.71: ukichukua mama mmoja atakayeugua na mmoja asiyeugua, kitawapanga sawasawa mara 71 kati ya 100, ilhali kurusha shilingi kunakupa 50. Kuongeza vipimo vya damu kulikifikisha 0.77. Kinafaa kupanga nani aitwe kwanza, basi. Mikunjo ya ngozi nayo inasumbua: kwa mama mnene sana koleo la kupimia halifunguki vya kutosha, na wakunga wawili hawapati namba moja.

Kupima mapema kuna faida ya kiasi. Katika jaribio la TOBOGM la 2023, waliotibiwa mara tu walipogundulika kabla ya wiki ya 20 walipata matatizo ya watoto wachanga kwa asilimia 24.9, dhidi ya 30.5 kwa waliosubiri au ambao hawakutibiwa.

Majibu ya mapema yakiwa mazuri, kipimo kinarudiwa wiki ya 24 hadi 28. Andika tarehe kwenye kadi siku hiyohiyo. Na aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula ili apungue uzito asipewe kinywaji hiki kabisa: sukari hupanda ghafla na kuporomoka, anatetemeka na kutoka jasho. Huyo apime kwa kidole nyumbani kwa wiki nzima, kabla ya kula na baada ya kula, aje na daftari.