Tairi za Theluji Kwenye Barabara ya Nakuru hadi Kisumu

Magari mengi yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani hufika Mombasa yakiwa bado na tairi za majira ya baridi, na wanunuzi wengi wa huku kwetu huzihesabu kuwa bahati kwa sababu huwa nene na mifereji yake haijaisha. Nimeziendesha kati ya Nakuru na Kisumu, barabara ambayo kwa saa chache humtoa dereva katika ukungu wa Mau Summit, humpitisha kwenye mvua ya alasiri ya Kericho na kumteremsha kwenye joto la Ahero. Kwa maoni yangu hazitufai, hata zikionekana mpya.

Kuzitambua si kazi. Ubavuni huandikwa STUDLESS, na uso wake umejaa mikato myembamba ya mithili ya wembe. Ukiukandamiza kwa ukucha, mpira unabonyea. Ulaini huo ndio sifa yake, kwani mpira wa kawaida hukakamaa baridi inapokaribia nyuzi 0, ilhali huu hubaki laini na kuishika barafu. Barafu pekee tunayoipata ni mvua ya mawe ya Kericho, na kwa hiyo tu sioni sababu ya kununua tairi.

Wengi hudhani kwamba tairi ya theluji lazima iwe hodari pia kwenye maji. Sivyo. Kwenye mteremko wa kutoka Kericho kwenda Awasi, lami ikiwa imelowa, nikikanyaga breki nilihisi vipande vya mpira vikijikunja chini ya uzito wa gari, nalo likachelewa kusimama kuliko nilivyozoea na tairi za kawaida. Hata kwenye kona usukani ulijibu kwa kusitasita. Huko tambarare, kuanzia Awasi hadi Ahero, kasoro ni nyingine: lami inapochemka mchana, mpira huo laini huliwa upesi, hasa kingoni, na gari hupepesuka kidogo unapolipita lori.

Tairi za kawaida za barabarani nilizofunga baadaye zina kelele kidogo zaidi, lakini breki zake kwenye lami iliyolowa zinaaminika. Anayenunua atazame pia herufi za AA, A, B au C, zikiwapo ubavuni, kwani hueleza jinsi tairi inavyoshika lami yenye maji, AA ikiwa bora zaidi. Vilevile asome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni kwamba tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa ghalani miaka mingi hukauka na kupasuka ubavuni hata kama haijawahi kugusa barabara.

Kwa wanaoingia mashambani kwenye udongo mweusi wa Kano, hakuna hata moja kati ya hizi itakayowatoa mvua ikinyesha, kwa kuwa udongo ule huziba mifereji yote ikawa kama tairi yenye kipara; wao watafute zile za A/T, yaani za lami na udongo pia, zenye mifereji mipana, wakubali kelele na mafuta zaidi. Upepo nao upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Ukipima Ahero saa saba mchana baada ya safari, kipimo kitakuwa kimepanda kwa sababu ya joto, na anayeupunguza hapo atakuta tairi zimelegea akirudi Nakuru usiku.