Uzoefu wangu na gitaa dogo la akustiki, kwa sie wafupi tunaoanza ukubwani

Kila nilipouliza gitaa gani linamfaa mtu anayeanza nikajibiwa chukua lolote ilimradi lina nyuzi sita, mkono utazoea tu. Mkono kweli unazoea, bega ndo halizoei. Mi ni mwanamke wa futi tano na kidogo, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Mtwara, msimu wa korosho natoka ghalani usiku hoi bin taabani, na ile nusu saa ya gitaa kabla sijalala sitaki iwe adhabu nyingine. Kwa hiyo hii ni habari ya mtu mfupi aliyetafuta gitaa dogo, akalipata na analipiga mpaka leo. Kama we ni wa futi sita soma tu, ila habari ya bega usinibishie.

Gitaa nililoanzia lilikuwa la kwaya, la kuazima, drednoti, yaani lile umbo pana lenye kiuno kinene ambalo wengi tumelizoea kuliona kanisani na kwenye maharusi. Umbo hilo kampuni ya Martin ya Marekani ililitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1916, likitengenezwa kwa ajili ya duka la Ditson, na sifa yake ni sauti kubwa na bezi nzito, linasindikiza waimbaji hata bila spika. Sawa, ila mi nasindikiza nani saa nne usiku na mtoto kalala chumba cha pili? Alafu ukilipakata linakujaa kifuani, mkono wa kulia inabidi uupandishe juu ya ule mgongo wa bodi, yaani lile tumbo la gitaa, ndo ushuke kwenye nyuzi, kwapa linabanwa, bega linapanda hadi karibu na sikio na baada ya nyimbo mbili shingo inawaka moto. Na lile la kwaya nyuzi zilikuwa juu balaa, pale freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) ungepitisha kalamu ya wino chini ya uzi ikapita bila kugusa. Mwalimu wetu wa kwaya mwenyewe analipiga vizuri tu, lakini ana vidole vya mtu aliyekua akivuta nyavu.

Basi nikaanza kuuliza gitaa dogo. Hapa mjini nilikuta duka moja lina gitaa dogo jeusi, halina jina linaloeleweka, laki na themanini, na muuzaji kijana kanichangamkia kweli, "dada hii ni mpingo mtupu hii". Jamani. Mtu wa kusini unamwambia hivyo? Mpingo tunauona ukichongwa vinyago kila siku, jirani yangu mzee wa Kimakonde anauchonga barazani kwake, ule mti mzito kama jiwe na ukiutia majini unazama. Nililowesha kidole nikasugua ile sehemu ya freti, kidole kikarudi cheusi. Rangi! Nikamrudishia taratibu. Na kwa taarifa yenu mpingo wa kweli unatumika sana kwenye klarineti na oboe, na kwenye magitaa upo ila ni yale ya bei ya kiwanja, kwa hiyo ukiambiwa gitaa la mpingo kwa laki na themanini cheka kwanza ndo uendelee na safari. Mti uliopakwa rangi sio kosa kubwa lakini, tatizo la lile gitaa lilikuwa freti zake, ncha zimetokeza pembeni ya shingo zinakwaruza kiganja kama msumeno, na ukibonyeza uzi mwembamba freti ya tano unalia sauti ileile ya freti ya sita. Hilo hata fundi hakusaidii kwa bei ya maana.

Sasa hapa ndo penye jambo ambalo ningependa mtu aelewe kabla hajatoa hela. Watu wakisema gitaa dogo wanachanganya vitu vitatu: ukubwa wa bodi, urefu wa uzi kutoka nati (kile kipande cha juu shingoni nyuzi zinapopita) mpaka daraja (pale zinapofungwa kwenye bodi), na upana wa shingo. Ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kinamsumbua mtu kwa namna yake. Gitaa linaweza kuwa na bodi ndogo na uzi mrefu, na lingine, kama yale ya klasiki ya nyuzi za nailoni, bodi sio kubwa ila shingo pana ya milimita 52 pale kwenye nati wakati haya ya nyuzi za chuma mengi yako 43 hivi, na mtu wa vidole vifupi kama mimi zile tisa anazisikia.

Mi ni mtu wa hesabu, kazi yangu ni kilo na mizani, nikakaa na kikokotoo. Nafasi za freti zinapungua kwa uwiano uleule kuanzia juu, uzi unafika nusu yake freti ya 12, kwa hiyo ukijua urefu wa uzi unajua kila kitu. Nikachukua Yamaha tatu ambazo vipimo vyake viko wazi. FG800 ambayo ni drednoti ina uzi wa milimita 650, FS800 ambayo ni bodi ndogo ya konseti ina 634, na JR2 ambayo ni ile robo tatu ina 540. Kutoka nati mpaka freti ya tatu, yaani pale vidole vinapotanuka ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya C au G, kwenye FG800 ni kama milimita 103, kwenye FS800 kama 101, kwenye JR2 kama 86. Umeona? Kati ya kubwa na konseti tofauti ni milimita mbili na nusu tu, kidole hakiwezi hata kulalamika. Mimi nilikuwa naamini vidole vyangu ndo tatizo, kumbe shida yote iko kwenye tumbo la gitaa. FG800 kina chake ni milimita 100 kwenda 118, FS800 ni 90 kwenda 110, na kiuno kimebanwa zaidi, kwa hiyo linakaa pajani lenyewe bila kulishikilia na mkono unashuka bila kupanda mlima.

Mkazo nao. Uzi uleule ukitiwa tyuni ileile, mkazo unafuata urefu mara wenyewe, kwa hiyo 634 dhidi ya 650 inakupunguzia kama asilimia 5, na 540 inakupunguzia kama 31. Ukisikia asilimia 31 unasema basi hilohilo la robo tatu, vidole vitapona. Nililipiga JR2 la mtoto wa dada yangu Dar, kwa kweli ni tamu kulishika, F ya kubana nyuzi zote ambayo ilinishinda kabisa kwenye la kwaya pale ilitoka, lakini uzi ukiwa mfupi hivyo unalegea, ukibonyeza kwa nguvu kama wanavyobonyeza wanaoanza sauti inapanda kidogo na kodi inasikika haijatulia, na sikio changa halijui kosa ni la nani. Kwa mtoto wa miaka minane au mtu wa safari ni zuri sana. Kwa mtu mzima anayetaka kuliweka miaka, mi naona uende konseti.

Kwa hiyo nilichukua FS800. Nililinunulia Kariakoo nilipopanda Dar kwenye harusi, laki saba na nusu na begi lake jepesi, sio hela ndogo, ilikuwa baada ya malipo ya mnada na sikumwambia mtu bei. Muuzaji wa pale naye alinisukumia kubwa, "hili dogo halina sauti mama". Nikamwambia nipe yote mawili. Nilikaa kwenye kigoda, nikalipakata kila moja, nikafumba macho nikapiga kodi ileile ya G. Kubwa lina bezi inayokugonga tumboni, ukweli ni huo. Dogo bezi yake imejikunja kidogo ila nyuzi za kati zinasikika moja moja, ukichokoa kwa vidole unasikia kila uzi, na kwa anayeanza hiyo inasaidia kwa sababu ukikosea unajua ni uzi gani umekosea. Nikapita freti moja moja kwenye nyuzi zote sita nikisikiliza kama kuna inayokoroma, nikalitazama shingo kwa jicho moja kama anayepiga gobore kuona kama imenyooka, na nilikuwa na rula ya shule kwenye pochi, freti ya 12 uzi mnene ulikuwa juu kama milimita mbili na nusu. Watu dukani walicheka. Wacheke.

Kulileta Mtwara ni stori. Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 550, na kondakta anataka liende kwenye buti chini na magunia na madumu, nikakataa katakata, buti inachemka na gundi ya gitaa na joto ni maadui. Nililegeza nyuzi kidogo, nikafunga kichwa cha gitaa na khanga, nikalipakata mpaka Lindi, pale jirani akashuka nikaliketisha kwenye siti yake.

Sasa hali ya hewa yetu, hapa ndo wa Dodoma wasinifundishe. Uso wa FS800 ni ubao halisi wa spruce, mti wa jamii ya msonobari, sio plaiwudi, ndo maana sauti yake ni nzuri na inazidi kufunguka, ila ubao halisi unavuta unyevu. Watengenezaji wanataka unyevu wa hewa asilimia 45 mpaka 55 hivi, nani ana hiyo Shangani yetu ya Mtwara mwezi wa pili na mvua inapiga na bahari iko hapo? Uso ukinywa unyevu unavimba, daraja linanyanyuka, na nyuzi zinapanda. Mvua za mwaka wa kwanza rula yangu ilisoma milimita tatu, F ikanitoroka tena, kusi lilipoanza kuvuma ikashuka yenyewe. Ningekuwa na roho nyepesi ningekimbilia fundi akaze kile chuma cha ndani ya shingo, ila kile kinanyoosha shingo, hakishushi uso uliovimba. Siku hizi linakaa kwenye begi na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu, nimewaomba wauza viatu wote wa sokoni, wananijua. Kama huwezi hayo mambo, na nyumba yako ni bati bila dari, kwa kweli chukua la plaiwudi, litakupa sauti ya kawaida ila halitakusumbua, na sio aibu.

Chumvi nayo inakula nyuzi. Zile za shaba nilizokuja nazo ziliota kutu upande wa chini, usipopitisha kidole huoni, vidole vinakwaruzwa na sauti inakufa. Nilibadilisha nikaweka seti nyepesi ambayo unene wa uzi mwembamba unaanzia inchi 0.011 badala ya 0.012, vidole vikashukuru, na nazifuta kwa kipande cha fulana ya pamba kila nikimaliza, juu na chini ya uzi. Zile zilizopakwa utando zinadumu zaidi ila huku sijazikuta, naagiza Dar zinakuja na basi.

Kama unalichukua, jua pia kwamba magitaa mengi ya hivi yana kitufe kimoja tu cha mkanda, kile cha chini. Upande wa pili unafunga kamba kichwani, juu ya nati, chini ya nyuzi. Mi nimetumia kamba ya kiatu cha shule, imeshika mpaka sasa, na kwa bodi hii nyepesi hata nikisimama na wenzangu kwenye kwaya bega liko pale pale.